MREJESHO: Arobaini ya mama, Mwanza

Wakuu, niliuliza tumkumbukeje mama kwenye arobaini, maana wasifu uliosomwa msibani ulikuwa tarehe tupu. Asanteni sana.

Nilifuata ushauri wa kuwaalika akina mama aliouza nao dagaa pale mwaloni Kirumba (soko la samaki kando ya ziwa), wajukuu wakawauliza maswali. Tulicheka hadi machozi! Kumbe alipiga hesabu za faida kwa Kikerewe ili wateja wasimwelewe. Mimi mwanawe sikujua.

Kurekodi ndiko kulikofeli. Tulikaa nje, upepo wa ziwa ukameza nusu ya maneno, kwa hiyo rekodini ndani. Binti yangu ameanza kuwarudia mmoja mmoja na daftari.

Aliyesema tuache kuchapisha fulana za picha ya mama, ubarikiwe. Hela ile ilinunua sato wa kutosha watu wote.