Mrejesho: Ombi langu la kutembelea loji ya Ndola

Ndugu zangu, mwezi uliopita niliuliza kama mimi, Mmasoni (Freemason) wa loji moja, yaani tawi la Wamasoni, ya hapa Lubumbashi, ningeweza kuhudhuria kikao cha loji ya Ndola, Zambia, nitakapovuka mpaka wa Kasumbalesa kwa biashara. Nawashukuru sana mlionishauri nisiende kubisha hodi, bali nianzie kwa katibu wa loji yangu.

Katibu alifungua kitabu changu cha uanachama, akakagua muhuri wa ada ya mwaka huu, kisha akaweka kidole juu ya jina la mamlaka iliyotupa hati, akasema kwa upole kwamba kikwazo kiko hapo. Loji yetu inafuata mkondo wa Grand Orient de France, loji kuu (mamlaka inayosimamia loji) ya Ufaransa, ambayo mwaka 1877 iliondoa katika katiba yake sharti la kumwamini Mungu, na Waingereza wakavunja uhusiano nayo. Loji ya Ndola niliyoikusudia iko chini ya loji kuu ya Uingereza, hivyo haiwezi kunipokea kikaoni. Mimi ni Mkristo na nasali kila Jumapili, lakini imani yangu binafsi haibadilishi kitu, kwa kuwa makubaliano ya kutambuana hufungwa kati ya loji kuu na loji kuu. Hilo liliniuma, ingawa naona ni haki: anayekula kiapo cha utii hawezi kuchagua mlango wa kuufungua.

Ndola nilikwenda hata hivyo. Mwenyeji wangu, mwanachama wa loji ile, alinikaribisha nyumbani kwake kwa nshima na samaki, na mambo ya kikaoni hatukuyagusa.