Mipichi inatoa utomvu na majani yana matundu: je, ni bakteria?

Swali
Ndugu wakulima, baadhi ya mipichi yangu inatoa utomvu mzito shinani, na matumba kadhaa yamekauka kabla ya kuchanua. Isitoshe, majani ya mti mmoja yana matundu madogo. Je, huu ni ugonjwa wa bakteria, na nipulize dawa ya kopa (yenye madini ya shaba) sasa?

Jibu la kwanza
Ndugu, utomvu peke yake hauthibitishi bakteria, kwa maana pichi, plamu, aprikoti na cheri zote hutoa utomvu zinapojeruhiwa kwa namna yoyote. Ukiukuta umechanganyika na unga wa mbao, mshuku kiwavi anayetoboa shina. Kwangua gome kidogo kwa kisu safi ukingoni mwa donda: sehemu hai huwa ya kijani au nyeupe, ilhali iliyouawa na Pseudomonas syringae, bakteria anayesababisha madonda ya gome, huwa ya kahawia na mara nyingi hunuka uchachu. Mti ukikauka juu huku ukichipua upya kutoka chini, hiyo ni dalili kubwa ya bakteria hawa, kwani kwa kawaida hawaui mizizi.

Jibu la pili
Matundu ya majani yachunguzwe peke yake. Xanthomonas arboricola, bakteria mwingine anayependa joto na unyevu, huacha madoa ambayo hudondoka na kubaki matundu; madoa hayo huwa na pembe kwa kuwa huzuiwa na vishipa vya jani, nayo hujazana kwenye ncha ambako maji hukawia. Madoa ya mviringo yanaelekea zaidi kuwa ya kuvu. Kopa usiipulize ovyo wakati huu: majani ya mpichi huungua nayo kwa urahisi, na bakteria wengi wameshaizoea.

Jibu la tatu
Kwa maoni yangu, wakati wa kupogoa una uzito kuliko dawa, kwa sababu hakuna dawa inayoponya donda lililokwisha kuingia kwenye gome. Pseudomonas hustawi kwenye baridi na mvua, na huingia kupitia makovu ya majani yaliyopukutika, majeraha ya kupogolea na nyufa za jalidi. Tena ana protini inayoyafanya maji yagande kwenye takriban nyuzi 2 chini ya sifuri, hivyo yeye mwenyewe huusaidia ubaridi kumfungulia njia. Kwa hiyo pogoa baada ya mavuno, siku za ukavu na joto, ukikata hadi ufikie mbao isiyo na weusi wala kahawia, na ufute kisu kwa spiriti kila unapohamia mti mwingine. Kama udongo ni wa kichanga, upimwe pia nematodi (minyoo midogo sana ya udongoni), kwani mizizi iliyodhoofishwa nao huuacha mti wazi kwa ugonjwa huu.