Ushauri: kuvuta mtu kwenye skii za maji, kamba iwe na urefu gani?

Mkaa_Ghubani: Wakuu, salaam. Jumapili nataka kuvuta mtu kwenye skii, zile mbao za kuteleza juu ya maji, pale Ghuba ya Msasani, Dar, upande wa kisiwa cha Bongoyo. Boti ya faiba futi 14, mashine farasi 15. Kamba ninayo, sijui niikate wapi. Nisaidieni haraka, usingizi haupatikani.

Tezi_na_Omo: Mita 23, pamoja na mpini. Kamba ya aina gani?

Mkaa_Ghubani: Nailoni ya nanga, mpya. Naifunga pete ya nyuma kulia.

Tezi_na_Omo: Usithubutu. Nailoni huzama, ikilegea tu inafuata propela. Tena huvutika: pete ikichomoka, inarudi usoni kwako. Tafuta polipropilini, hiyo inaelea. Na pete moja itaivuta boti upande. Tengeneza kamba ya miguu miwili, kila mguu pete yake ya tezi, yaani nyuma ya boti, na boya dogo kwenye kiungo liizuie isiifikie mashine.

Bi_Mwambao: Mnasahau bahari. Wakati wa bamvua, maji makubwa ya mwezi mpya na mwezi mpevu, hapo maji hupwa zaidi ya mita 3, miamba inakuwa karibu na uso. Nenda asubuhi maji yakijaa, upepo haujachacha. Kaa mbali na nyavu, ngalawa na waogeleaji.

Kijana_wa_Pwani: Skii za nini? Nunua boya la upepo la kupanda na kuvutwa, hata asiyejua anapanda.

Tezi_na_Omo: Boya lina hatari yake. Aliyelala juu yake hana usukani. Ukikata kona linatupwa nje kwa kasi kuliko boti. Na kamba ya skii haifai hapo: boya la mtu mmoja linataka kamba ya kuhimili kilo 680, la wawili zaidi ya 1,000.

Mzee_Kasia: Huu uzi umetungwa. Farasi 15 kumwinua mtu mzima kwenye skii? Atakunywa maji tu. Mwenye boti angejua hilo.

Mkaa_Ghubani: Sijatunga, mzee wangu. Si mtu mzima. Ni mtoto wa dada yangu, miaka 11, kilo 32. Anaogelea vizuri.

Mzee_Kasia: Ungeanza na hilo! Nani atakuwa anamwangalia?

Mkaa_Ghubani: Mimi mwenyewe. Nimeshafunga kioo cha kutazamia nyuma, na mtoto nimeshamwahidi.

Bi_Mwambao: Ahadi kwa mtoto huahirishwa, mwanangu. Maisha yake hayaahirishwi.

Tezi_na_Omo: Kioo hakitoshi. Kwa kilomita 24 kwa saa unakwenda karibu mita 7 kila sekunde. Ukitazama nyuma sekunde 3, umeshasafiri mita 20 bila kuona mbele. Lazima awepo mtu mzima wa pili, kazi yake kumtazama mtoto tu. Wote mkubaliane na mtoto ishara za mkono kabla: gumba juu, ongeza, gumba chini, punguza, kiganja kukata shingo, simamisha. Akianguka, mikono yote miwili juu ya kichwa maana yake yuko salama. Asipoinua, mchukulie ameumia.

Jaketi okozi liwe la kubana na mikanda, si la kujazwa upepo. Afundishwe kuachia mpini mara tu anapoyumba, na asizungushe kamba mkononi wala kiunoni. Usiondoke mpaka kamba imenyooka na yeye amesema twende. Kwa uzito wake anza na kilomita 20 kwa saa.

Mzee_Kasia: Kumchukua ndipo watu huumia. Zunguka kwa mwendo wa kutembea, awe upande wako umwone, na upepo usiisukume boti juu yake. Usirudi kinyumenyume hata kidogo. Kabla hajagusa boti zima mashine kabisa. Frii, yaani kutoa gea tu, haitoshi, goti likigusa gea propela inazunguka. Na ile kamba ya kuzimia mashine ivae mguuni tangu mnaondoka.

Mkaa_Ghubani: Dada yangu akipanda awe mwangalizi, uzito si utazidi?

Tezi_na_Omo: Jaribuni ninyi wawili bila mtoto. Mkalishe katikati, ageukie nyuma. Mashine ikishindwa kuinua omo, yaani mbele ya boti, ishuke tena na boti iteleze juu ya maji mkiwa wawili, haina nguvu ya kuvuta, na Jumapili hiyo msivute.

Mkaa_Ghubani: Kesho naenda dukani kutafuta polipropilini. Milimita ngapi?