Naomba ushauri: paka dume anakojoa nje ya sanduku lake

Habari zenu, ndugu wanachama. Nina paka dume wa miaka 5, aliyehasiwa na anayeishi ndani muda wote, ambaye kwa wiki 3 sasa ameacha kukojoa katika sanduku lake la mchanga na badala yake anakojoa kwenye zulia na, mara mbili, juu ya kitanda changu. Huchuchumaa kwa muda mrefu, hutoa matone machache, kisha hujilamba sana.

Daktari wa mifugo alipima mkojo, akakuta damu kidogo bila bakteria wala fuwele, akasema huenda ni uvimbe wa kibofu unaochochewa na msongo, akampa dawa ya maumivu. Nimempunguzia chakula kikavu na kumpa chenye majimaji, nikaongeza na bakuli za maji. Alipata nafuu siku 4, kisha hali ikarudi. Kilichobadilika nyumbani ni ujio wa paka jike mdogo, mwezi mmoja uliopita, ambaye humvizia kila anapoelekea kwenye sanduku, na nakiri kwamba hadi sasa wanatumia sanduku moja.

Je, niwatenganishe kabisa kwa muda, au kuongeza masanduku mawili sehemu tofauti kunatosha? Pili, kwa kuwa dume aliyeziba njia ya mkojo anaweza kufa ndani ya siku chache, ni dalili zipi zilizowafanya mtambue kwamba paka wenu ameziba, wala si kujikamua tu kama huyu wangu?

Natanguliza shukrani.