Je, uzuri wa nadharia ni ushahidi wa ukweli wake?

Mwalimu wa Kidato cha Sita

Ndugu wanajukwaa, naomba msaada wenu katika jambo lililonishinda darasani wiki hii. Nilikuwa nikifundisha habari za positroni. Niliwaeleza wanafunzi kwamba mwaka 1928 mwanafizikia Paul Dirac aliandika mlinganyo wa elektroni uliotoa majibu ya nishati chanya na ya nishati hasi. Kwamba badala ya kuyafuta yale ya pili kama makapi ya hesabu aliyashikilia, hata mwaka 1931 akatabiri chembe yenye tungamo sawa na elektroni lakini yenye chaji chanya, ndiyo positroni. Na kwamba mwaka uliofuata Carl Anderson aliiona chembe hiyo katika picha za miale itokayo anga za mbali. Nikaongeza, pengine kwa pupa, kwamba Dirac aliuamini mlinganyo wake kwa sababu ulikuwa mzuri. Hapo mwanafunzi mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Mtihani ukinidai ushahidi, naweza kuandika kwamba nadharia ni nzuri?" Darasa zima likacheka, nami nikacheka, lakini jibu sikuwa nalo. Ninyi mngemjibuje?

Mtazama Nyota

Mwalimu, ningemjibu kwa kisa cha mwanafalaki Johannes Kepler, kwa kuwa kwake uzuri ulipotosha na kuongoa ndani ya kichwa kimoja.

Mwaka 1595, akiwa mwalimu wa hesabu mjini Graz, Kepler alijiuliza kwa nini sayari ni sita, maana wakati huo zilijulikana sita tu. Akakumbuka kwamba maumbo yabisi ambayo nyuso na pembe zake zote zinalingana kabisa ni matano, mchemraba ukiwa mmojawapo, jambo ambalo Wayunani walikwisha kulithibitisha. Sayari sita zina nafasi tano kati yao. Akayapanga maumbo hayo moja ndani ya jingine, mchemraba kati ya Zohali na Mshtarii, piramidi ya nyuso nne kati ya Mshtarii na Mirihi, na kuendelea hivyo hadi Utaridi, akaona kwamba vipimo vinakaribiana na umbali uliojulikana. Ni vigumu kuisoma hoja hiyo bila kuvutiwa, nayo si kweli hata kidogo. Mwaka 1781 William Herschel aligundua Uranus, na sayari hiyo ya saba haikuwa na umbo la kuwekewa.

Hata hivyo, Kepler alikwisha kufunzwa adabu na vipimo muda mrefu kabla ya hapo. Alipojiunga na mwanafalaki Tycho Brahe mwaka 1600 alipewa kazi ya kuichunguza Mirihi kwa kutumia vipimo vya Tycho, vilivyochukuliwa kwa macho matupu kabla ya darubini, na ambavyo kwa usahihi havikuwa na mfano. Baada ya kuhangaika kwa miaka kadhaa alipata njia ya duara iliyoafikiana navyo, isipokuwa mahali ilipohitilafiana kwa dakika 8 za pembe, yaani kama robo ya upana wa mwezi mpevu tuuonavyo. Wanafalaki walikuwa wameliheshimu duara kwa karibu miaka 2,000 kama umbo kamilifu, na mwingine angesema kwamba dakika nane si kitu. Kepler alishikilia kwamba Tycho hakuweza kukosea kiasi hicho, akaliacha duara, na mwaka 1609 akachapisha kwamba Mirihi huzunguka katika njia ya duaradufu.

Lakini kanuni yake ya tatu, inayouhusisha muda wa mzunguko wa sayari na umbali wake kutoka kwenye Jua, aliipata mwaka 1618 alipokuwa akitafuta muziki wa sayari, tena muziki wenye noti halisi! Mpe mwanafunzi wako Mshtarii: umbali ni mara 5.2 ya ule wa Dunia, na muda ni miaka 11.86. Atafute kipeo cha tatu cha umbali na kipeo cha pili cha muda. Vyote viwili vitakuwa karibu 141.

Binti wa Maabara

Baiolojia nayo ina mkakasi wake. Mwaka 1957 Francis Crick na wenzake wawili walitaka kueleza jinsi herufi nne za DNA, zikisomwa tatu tatu, zinavyotaja asidi amino 20, yaani vijenzi vya protini. Maneno yanayowezekana ni 64. Ukiondoa manne yenye herufi moja tupu, kama AAA, yanabaki 60. Na ukichukua neno moja tu katika kila kundi la matatu yanayozungukana, kama ACG, CGA na GAC, ili msomaji asiweze kuanzia mahali pasipo pake, unapata 20 kamili. Mwaka 1961 Marshall Nirenberg na Heinrich Matthaei walitumia RNA (molekuli inayobeba ujumbe wa DNA, ambamo herufi U hushika nafasi ya T) yenye herufi U tupu, ikazalisha mnyororo wa fenilalanini, mojawapo ya asidi amino hizo: neno UUU, lililopigwa marufuku, lilikuwa na maana. Nakiri kwamba hadi leo naiona ile ya Crick kuwa nzuri kuliko ya kweli.

Mwalimu wa Kidato cha Sita

Ahsanteni sana. Sasa tatizo langu limegeuka: ikiwa uzuri umewadanganya watu wa kiwango hicho, kwa nini kwa Dirac ulifaulu?

Mpenda Vina

Kwa maoni yangu, Mwalimu, tunaita uzuri mambo mawili tofauti. Shairi laweza kutimiza vina na mizani na bado likasema uongo, kwa sababu mtunzi ndiye aliyeamua tangu mwanzo silabi ziwe ngapi. Kepler alianza na sayari sita akapata sita. Crick alianza na ishirini akapata ishirini. Dirac alitaka tu kuoanisha fizikia ya kwanta na nadharia ya Einstein ya uhusianifu, na mlinganyo ukamletea asichokiomba: kwanza mzunguko wa ndani wa elektroni, kisha chembe ambayo hakuna aliyekuwa ameiona. Yeye mwenyewe alishtuka, hata mwaka 1930 akajaribu kusema kwamba chembe hiyo ni protoni.

Pamoja na hayo, hata uzuri wa aina hiyo si ushahidi. Nadharia ya supasimetria, inayodai kwamba kila aina ya chembe ina mwenzake, imewavutia wanafizikia tangu miaka ya 1970 kwa sababu zinazofanana na hizo, lakini mtambo mkubwa wa kugonganisha chembe wa CERN, maabara ya fizikia ya Ulaya, haujaona hata moja kati ya chembe mpya zilizotabiriwa nayo.

Mwalimu wa Kidato cha Sita

Nimempa mwanafunzi namba za Mshtarii. Hakuridhika, akadai za Zohali: umbali 9.54, muda miaka 29.46. Pande zote mbili zimetoka 868, na amerudia hesabu hiyo mara tatu.