Kikundi chetu cha kubangua korosho: hela yote kwenye tunachokijua au tujaribu kipya?

Katibu_Newala
Wakuu habari za jioni, naombeni mawazo maana tunaelekea kugawanyika. Mimi ni katibu wa kikundi cha kubangua korosho huku Newala, tupo 22, kina mama 17. Tulianza miaka sita iliyopita na mashine mbili za kukanyaga kwa mguu, leo zipo tisa, na baada ya kulipana benki imebaki milioni 14. Ugomvi uko kwenye hiyo 14.

Nusu ya kamati inasema yote ikanunue korosho ghafi msimu ukifunguliwa kwasababu ndo kazi tunayoijua, na kweli tunaijua, mwaka wa kwanza kwenye kilo 10 za korosho zilizobanguliwa, nzima zilikuwa kilo 5 na kitu zingine vipande tupu, sasa hivi kina mama wanatoa nzima 8 mpaka 8 na nusu na faida yote iko hapo maana kwenye vipande mnunuzi anakupangia bei anavyotaka. Nusu nyingine inasema tuingie kwenye mabibo, yale matunda ya mkorosho, tutoe juisi na jamu, yanaozea shambani kila mwaka na tukitegemea kitu kimoja ipo siku tutalia. Mwenyekiti alikaa kimya kikao kizima, mwisho akasema katibu nenda kaulize wenye uelewa. Sitaki mniambie nani yuko sahihi, nataka kujua nyie mnapimaje jambo kama hili.

NjiaPanda_Mtwara
Mkuu hilo swali limeumiza vichwa vya watu wengi. Kuna profesa Mmarekani James March aliliandika mwaka 1991, alisema taasisi yoyote ina kazi mbili zinazogombania hela ileile na watu walewale, kukamua unachokijua na kutafuta usichokijua. Ugumu ni kwamba faida ya kukamua inaonekana haraka na ina uhakika, ya kutafuta iko mbali na inaweza isije kabisa, kwahiyo kila mkikaa kikao kukamua kunashinda, na siyo kwamba watu ni wajinga, hesabu za mwaka huu zinawapa haki. Kikao kwa kikao mnajikuta mabingwa wa kitu ambacho soko limeshakihama.

Angalia gesi ya hapahapa kusini. Songo Songo iligunduliwa 1974, ikaanza kuzalishwa 2004. Miaka 30! Ungeipima kwa faida ya mwaka ungeshafunga mafaili zamani.

Ila na upande wa pili March aliuonya vilevile, anayejaribu kila siku kipya hakai na kimoja mpaka akiive, anabaki na gharama za majaribio bila matunda. Kwahiyo usiulize kipi kati ya viwili, uliza kiasi gani, na mna muda gani mbele yenu. Kama kikundi kinategemea kuwepo miaka kumi, jaribuni. Kama mnajua mwakani mnagawana mnatawanyika, kamueni tu.

Bibi_wa_Nachingwea
Mwanangu mimi nakusihi usiwasikilize wanaotaka kuruka na hela yote. Huku kwetu tumekulia juu ya mabaki ya mradi wa karanga wa Waingereza. Baada ya vita mafuta ya kula yalikuwa haba kwao, 1946 wakatuma watu wakazunguka wiki tisa tu, sehemu kubwa kwa ndege, wakarudi na mpango wa ekari zaidi ya milioni tatu, nyingi zikiwa Tanganyika, kazi ikawa Kongwa, Urambo na hapa Nachingwea. Wakaanza 1947. Reli ikajengwa, bandari ya Mtwara ikajengwa, udongo na mvua za sehemu zenyewe hawakuvipima vya kutosha. Januari 1951 mradi ukafungwa, pauni kama milioni 36 zimekwenda, reli yenyewe ikaja kung'olewa.

Watu huwa wanasema walishindwa kwasababu walijaribu kitu kipya. Mimi nakataa. Hawakujaribu! Aliyejaribu analima ekari chache anasubiri misimu miwili mitatu, anaona mvua inakataa wapi, udongo unakuwa mgumu lini, ndo anaongeza. Wao kitu wasichokijua walikifanya kwa ukubwa wa kitu wanachokijua, na hapo ndo wengi tunapoangukia hata na vikundi vyetu vya akina mama.

Mtama_Junction
Naomba nipingane kidogo na wakubwa. Kikundi cha watu 22 siyo kampuni ya Marekani. Milioni 14 ni ndogo, ukiigawa kila sehemu inakuwa haitoshi. Kwanza fikeni nzima kilo 9 kwa 10, hiyo peke yake ni hela na haina bahati nasibu. Mabibo yatakuwepo tu mwakani.

NjiaPanda_Mtwara
@Mtama_Junction nakuelewa kaka, ila kumbuka mbaazi 2017. India ilipoweka kikomo cha kuingiza watu walikuwa wanalima vizuri kuliko mwaka wowote, bei ikaanguka wakabaki na magunia ndani. Umahiri wao haukuwasaidia kitu. Na korosho yenyewe, msimu wa 1973/74 nchi ilitoa kama tani 145,000, katikati ya miaka ya 80 ikawa chini ya 20,000, watu walikuwa wamehamishiwa kwenye vijiji vya Ujamaa mbali na mikorosho afu ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, ukaingia. Watafiti wa kituo cha kilimo Naliendele hapa Mtwara ndo waliohangaika na salfa mpaka mkorosho ukapona. Ona hapo, jaribio halikuwa zao jipya, lilikuwa kwenye kilekile mnachokijua. Kujaribu siyo lazima kuhama.

Mikindani_Jikoni
Dada/kaka katibu mimi nimefanya mabibo kwahiyo nisikilize. Kikundi chetu kilitoa milioni 3, mashine ya kukamulia tukainunua kwa fundi mmoja, akatuhakikishia ni chuma kisichoshika kutu, wiki ya pili juisi ikaanza kutoka na rangi ya kahawia. Lakini mashine haikuwa ndo tatizo letu kubwa. Bibo likianguka asubuhi kesho yake limeshachacha, unatakiwa ulikamue siku hiyohiyo, na siku hizohizo ni Oktoba Novemba ndo korosho zinaokotwa na kila mtu yuko bize na ghafi. Wale watu wetu wa mabibo kila asubuhi walikuwa wanaitwa kusaidia kupanga korosho, "mara moja tu", wanarudi saa nane bibo limekuwa uraka, pombe tayari. Mwisho wa msimu kamati ikasema mabibo hayalipi. Yangelipaje na hayakuwa na mtu?

Baadae nikasoma kwamba Charles O'Reilly na Michael Tushman waliangalia majaribio 35 ya kampuni kuanzisha kitu kipya, wakaandika 2004, yaliyofanya vizuri zaidi ni yale ambayo kipya kilipewa watu wake na utaratibu wake, juu wakaunganishwa na kiongozi mmoja. Nilipolisoma lile nililia kidogo maana ni kikundi chetu kabisa. Kwahiyo ushauri wangu: hela ya jaribio itengwe, iwe ambayo hata ikipotea yote hakuna mama atakayekosa malipo yake, iwe na watu ambao hamtawaita, na muandike mapema tarehe ya kukaa na kuamua kuendelea au kuacha. Na msiwaulize faida mwezi wa pili, waulizeni wamejifunza nini.

Katibu_Newala
Nimesoma zote, asanteni sana, bibi wa Nachingwea shikamoo. Ile ya Oktoba ilinikaa kichwani usiku kucha kwasababu sikuwahi kuifikiria, sisi tulikuwa tunabishana hela kumbe mikono ndo haba. Jana tumekaa tena. Milioni 12 ghafi. Milioni 2 jaribio, na siyo mabibo, ni kukaanga na kufungasha vipande vyetu wenyewe kwenye pakiti ndogo za gramu 50, tuuze stendi Masasi na Mtwara mjini, ile bidhaa tunayotoa kwa bei ya kupangiwa. Tunaanza Aprili mashine zikiwa zimelala, tunakaa kuamua mwisho wa Septemba kabla ghafi hazijaingia.

Wamepewa kina mama watatu ambao vidole vimekataa yale mafuta makali ya maganda ya korosho, mmoja ngozi ya kidole gumba imetoka yote, hata majivu anayopaka hayamsaidii tena, alikuwa anawaza aache kikundi. Jana usiku kanipigia anauliza chumvi itiwe kabla ya kukaanga au baada. Nikamwambia jaribuni zote mbili muandike.

Sasa natafuta mizani ndogo ya gramu, mwenye kujua duka la huku Newala au Masasi anistue, ya kuagizia Dar nauli inanishinda.