Tupeane uzoefu: bibi zetu waliokuja Dar kutoka ng'ambo, ni kitu gani cha kwao hakikuwatoka mpaka wanafariki?

Wakuu, salaam. Juzi tumemaliza arobaini ya bibi yangu. Ndugu wametawanyika, masufuria ya kuazima yamerudi kwa wenyewe, na mimi nimebaki na hili kichwani, naona bora nilimwage hapa.

Sisi ni Washihiri wa Kariakoo. Bibi, tuliyemwita Hababa, alipakiwa jahazini Mukalla, kule Yemen, akiwa mtoto wa kama miaka saba, msimu wa kaskazi, na alichokumbuka katika safari yote ile ni kutapika na mbuzi mmoja aliyefia njiani. Ukimbembeleza akupe hadithi ya bahari anakukata: "Maji tu. Unataka nikusimulie maji?"

Babu alikuwa muuza kahawa, wale wa kuzunguka na dele lenye mkaa chini huku mkono mmoja unagonganisha vikombe. Mtaani wanamkumbuka babu. Ila kashata zilikuwa za Hababa, na hela zilikuwa za Hababa. Kiswahili chake kilikuwa cha Kariakoo kabisa, matusi madogo madogo yakiwemo, lakini akishika pesa anahamia Kiarabu cha kwao, kwa kunong'ona, mteja asijue zimefika ngapi. Sisi wajukuu tulikuwa tunamnasa kwenye sita, saba na tisa. Kwingine kote anatupoteza.

Siku moja askari walikuja kuondoa wauza vitu barazani, mmoja akashika sinia lake la kashata. Hababa hakupiga kelele. Alilivuta sinia, akaliweka chini, akalikalia na buibui lake na kila kitu. Mtu mzima yule, nani amnyanyue? Wakasimama, wakacheka, wakaondoka. Akawaita warudi. Akawagawia zile zilizovunjika, "maana sasa siziuzi tena."

Kwa ibada ndiyo usiseme. Alikuwa anaamka kabla ya adhana, na dua yake ilikuwa ndefu kwa sababu alitaja watu mmoja mmoja kwa majina, mama wa Kichaga wa chumba cha uani akiwemo, na wanawe wote. Tulilala chumba kimoja naye kwa hiyo najua nani aliongezwa na nani aliondolewa. Mjomba wangu mmoja aliondolewa mwaka mzima kwa ajili ya deni. Na Yanga ilikuwemo, msinicheke watu wa Msimbazi.

Wiki ya mwisho alikuwa kitandani, macho amefumba, kidole gumba kinapita kwenye vidole vingine. Tukajua ni dhikri, tukanyamaza kwa adabu. Nikasogeza sikio. Alikuwa anahesabu, na alipofika kumi alisema kwa Kiswahili safi: "Bado mbili, nani kala?"

Haya, na wewe je? Bibi yako alitoka wapi, na alibaki na nini?

*

MTOTO WA TEMEKE: Pole sana mkuu, Mungu amrehemu Hababa. Huyo alikuwa jembe.

Bibi yangu alikuja kwa miguu. Mmakonde wa Msumbiji, wale mnaowaita Wamawia. Alivuka Ruvuma wakati wa vita dhidi ya Mreno, na mama yangu mgongoni. Alikuwa na nembo za chale uso mzima, na tundu la ndonya, lile pambo la kuchomeka, kwenye mdomo wa juu. Ndonya yenyewe alishaacha kuivaa, tundu likabaki.

Nilisoma shule ya msingi Temeke na siku ya wazazi ndiye aliyekuja, mama alikuwa kazini. Darasa zima likamkodolea macho. Mimi nilitamani ardhi ipasuke. Yeye akaenda moja kwa moja kwa mtoto aliyekuwa anacheka zaidi, akainama, akamwambia, "Shika. Haziumi." Yule mtoto akashika. Halafu ikawa foleni! Mwalimu akabaki na chaki yake. Nilivyorudi nyumbani nikaomba msamaha na yeye hakujua naomba msamaha wa nini. Au alijua, sijui.

Alinisimulia kuwa mwaka 1969, Mondlane, kiongozi wa wapigania uhuru wa Msumbiji, alipouawa kwa bomu la kifurushi hapa hapa Dar, walitembea mpaka makaburi ya Kinondoni kumzika. Baadaye mabaki yake yalipelekwa kwao. Bibi hakupelekwa. Msumbiji ilipata uhuru tarehe 25 Juni 1975, ndugu zake wengi wakarudi, yeye akasema atarudi akimaliza kuvuna muhogo. Muhogo wa Mtoni Kijichi, wakuu, haukuisha miaka zaidi ya 30. Kila tarehe 25 Juni alivaa kitenge kipya, anaenda misa ya asubuhi, akirudi anacheza peke yake uani mpaka kitenge kinalowa jasho. Jirani walikuwa wanauliza kuna harusi gani.

Kilichobaki kwake: ming'oko, ile mizizi ya porini ya kuchemsha. Ikikosekana sokoni anagoma kula. Anagoma kweli, siyo utani.

*

KOFIA TATU: Yangu ni fupi. Mngazija, tulimwita Koko. Alishona kofia kwa mkono mpaka macho yalipokataa, halafu akaendelea kushona bila kuona, kwa kupapasa tundu. Kofia ya mwisho imepinda upande. Mzee ndiyo anaivaa Idi, zile nzuri ziko kabatini.

*

MGENI WA RELI: Naomba kuuliza, wa kwangu alikuja na treni anaingia humu? Maana mnataja majahazi tu. Bibi yangu Mmanyema, wazee wake walitoka Kongo wakakaa Ujiji, yeye akapanda garimoshi Kigoma akashukia Dar akiwa mwali, na mji huu ukiacha Wazaramo sisi wengine wote si tumekuja na kitu fulani?

Basi. Mpaka anafariki kisamvu alikiita sombe, na alipika kwa mawese. Wifi zake wa pwani wakilalamika harufu, anawajibu nazi nayo inanuka, ni vile mmeizoea. Bibi huyu alikuwa mwepesi wa kugombana na mwepesi wa kusamehe, kiasi kwamba ukikaa nyumbani ukasusa siku mbili, siku ya tatu unakuta umesusa peke yako.

Ila kitu kimoja kilituchosha: mgeni yeyote kutoka Kigoma, anayejulikana na asiyejulikana, alilala kwetu. Mtu anapiga hodi saa tano usiku na dumu la mawese, bibi haulizi jina. Anauliza, "Umekula?" Sisi watoto tunahamishwa kitandani, tunalala chini. Nilikuwa nachukia. Mimi mwenyewe sasa hivi nina mgeni sebuleni wiki ya pili.

*

MTOTO WA SHULE UHURU: Nimesoma hii kwenye mwendokasi nimepitiliza Magomeni Mapipa. Mnilipe nauli.

*

JIRANI WA KISUTU: Sisi ni Wagujarati. Ba, yaani bibi, alikuja kama bi harusi kutoka Bombay kwa meli ya Karanja, miaka ya 50, na mume ambaye alikuwa amemwona mara moja. Walijenga ghorofa, na mwaka 1971 majumba yalipotaifishwa la kwao likamo. Wengi wa ukoo wakaenda Uingereza na Canada. Babu alitaka kuondoka. Ba akasema, "Mimi iko hapa," (Kiswahili chake ndicho hicho, miaka 60 hakikubadilika, na wauza samaki walimwelewa kuliko walivyotuelewa sisi).

Wakawa wapangaji kwenye nyumba waliyoijenga. Risiti za kodi alizipanga kwa miezi ndani ya kopo la biskuti, na ngazi za jengo zima aliendelea kuzifagia, ghorofa zote tatu, kila Jumamosi. Nilimuuliza kwa nini anafagia ya wengine. Akanitazama kama mtu aliyeuliza kwa nini anaoga.

Barazani alikuwa na tulsi kwenye debe la rangi. Asubuhi akishaoga anaimwagilia, anaizunguka, anasali, ndipo chai. Tulsi ni ndugu na kivumbasi, kwa hiyo majirani wa Kiswahili wakishikwa mafua walikuja kuomba majani. Anawapa, lakini lazima achume yeye, na kamwe si baada ya jua kuzama: usiku mmea umelala. Siku Ba alipofariki, mama wa ghorofa ya chini, Mwislamu, ndiye aliyepanda kuimwagilia. Sisi tulikuwa tumesahau.

*

MWANZISHA UZI: Asanteni, nimecheka na nimelia. Mgeni wa Reli, karibu, treni nayo jahazi.

Nina swali la mwisho. Dele la babu ninalo mimi, ila limetoboka chini pale mkaa unapokaa. Nimezunguka Kariakoo nzima kutafuta fundi wa kuziba, kila duka wananiambia ninunue chupa ya chai.

*

MTOTO WA TEMEKE: Nenda Gerezani, kwa wale wanaogonga majiko. Usiwaambie ni la zamani, bei itapanda.